Papasi kwenye simu ya mkulima: namna ya kumtambua, na namna ya kuuza kijitabu bila ya kuwa papasi

Somo la leo si la mbolea wala dawa, lakini linagusa mfuko wako vilevile. Tunazungumzia matangazo yanayoingia bila ya kuombwa kwenye makundi yetu ya WhatsApp ya wakulima, pamoja na wale jamaa wenye vijitabu vya kilimo wanaotuuzia kwa nguvu. Masika yanakaribia. Hichi ndicho kipindi ambacho mkulima ana fedha kidogo ya mbegu mkononi, na kila mwenye chake anamtaka yeye.

Papasi ni nani?

Wafugaji na wazee wanamjua papasi wa kweli. Ni kupe laini anayejificha kwenye nyufa za kuta na sakafu za udongo, anatoka usiku, ananyonya damu, anarudi mafichoni. Akikuachia kitu, basi ni homa ya papasi. Mjini, Mji Mkongwe, watu wakalichukua jina hilo wakampa kijana anayemsubiri mgeni bandarini au Forodhani na kumganda: hoteli hii, viungo hivi, boti ile. Huyu si mwongozaji mwenye kibali. Hangoji kuulizwa, na ukimwambia hutaki anakufuata mpaka mlangoni.

Sasa papasi yupo kwenye simu. Nimemgawa katika aina tatu, kwa sababu kila aina ina dawa yake.

Aina ya kwanza: tapeli wa moja kwa moja

Huyu unamjua. "Ile hela tuma kwenye namba hii." Au anakualika Freemason, au ni mganga wa utajiri. Kwa mkulima anakuja na sura nyingine: "Umechaguliwa kupata ruzuku ya pembejeo, tuma ada ya fomu." Chukua hili: msaada wa kweli wa pembejeo unapita kwa sheha, kwa afisa kilimo wa eneo lako au kwenye ushirika wenu. Hauji kwa namba usiyoijua inayotaka fedha kwanza.

Usimjibu, usimtukane, usibishane naye. Andika neno UTAPELI utume kwenda 15040, namba ya TCRA, kisha fuata maelekezo uweke namba ya huyo tapeli. Halafu piga *106# uangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda kwa kampuni ya simu waifute. Laini hiyo inaweza kuwa ndiyo anayotumia mtu kuibia wenzako kwa jina lako.

Aina ya pili: muuza faida

Huyu ni hatari zaidi kwa sababu anazungumza lugha ya kilimo. Hauzi mbegu wala vifaranga, anauza ndoto ya faida. Tanzania tuna mfano wa karibu. Mwaka 2020 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilimtia hatiani mkurugenzi wa kampuni ya Mr Kuku Farmers kwa kuendesha upatu. Watu walitoa fedha kwa ajili ya ufugaji wa kuku, wakaahidiwa faida ya asilimia 70 kwa miezi minne au asilimia 90 kwa miezi sita.

Hebu tupige hesabu, maana hesabu haina maneno mengi. Ukiweka shilingi 1,000,000 kwa faida ya asilimia 70, baada ya miezi minne una 1,700,000. Ukiirudisha yote, miezi minane una 2,890,000. Mwaka ukitimia una 4,913,000. Yaani fedha yako imezaa karibu mara tano kwa mwaka mmoja, na wewe hukununua pumba, hukuchanja kideri, hukulala macho kwa ajili ya kicheche. Muulize mfugaji yeyote wa kuku hapa Unguja kama amewahi kuona banda la namna hiyo.

Majirani zetu wa Kenya walipata somo lao mwaka 2013 na 2014 kwa kware. Ilitangazwa kwamba mayai yake yanatibu maradhi kadhaa wa kadhaa. Watu wakakimbilia Kenya Wildlife Service kuomba vibali vya kufuga. Wafugaji wakawa wengi kuliko walaji, bei ikaanguka, ndege wakabaki bandani wanakula tu. Kwenye wimbi la namna hii anayefaidi ni aliyewahi kuuza mayai na vifaranga vya kuanzia. Kwa hiyo ukipata tangazo la mazao mapya, usiulize "faida ni kiasi gani?" Uliza "nani anakula hichi kitu, na ananunua wapi?" Ukienda Darajani na Mwanakwerekwe ukakuta hakuna anayekiuliza, una jawabu lako.

Aina ya tatu: mwenye kijitabu

Huyu mara nyingi si mwizi. Ana elimu, amekaa usiku anaandika, ana haki ya kuuza jasho lake. Tatizo ni namna anavyouza. Mfano nimeutunga, lakini mtautambua. Mama mmoja anaandika kwenye kundi:

"Samahanini, mipapai yangu inatoa maua mengi yananing'inia kisha yanapukutika yote. Nifanyeje?"

Dakika mbili hazijapita:

"Hongera sana kwa swali zuri!!! Majibu yote yamo kwenye kitabu changu SIRI 101 ZA UTAJIRI SHAMBANI. Sh 10,000 tu! Wahi, zimebaki nakala chache!"

Kwanza, kitabu cha simu hakibaki "nakala chache". Pili, hajamjibu. Hata hakusoma swali, maana hongera hiyohiyo ameiweka jana kwa aliyeuliza habari za ng'ombe. Jawabu lenyewe ni fupi. Maua yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu ni ya mpapai dume, na ule hauzai. Mwakani panda miche mitatu kwenye shimo moja, subiri itoe maua, kisha acha mmoja unaoufaa na ung'oe mingine. Kama mbegu yako ni ya miche ya dume na jike mbalimbali, acha dume mmoja kwa kila majike kumi hivi kwa ajili ya kuchavusha.

Angelijibu hivyo, yule mama angeliuliza mwenyewe: "Mwanangu, haya umeyasoma wapi?" Hapo ndipo kitabu kinapouzika.

Hasara tunayoipata

Wengine wanasema: "Si tangazo tu, lipitie uende zako." Hapana. Kundi la wakulima ni kama kengele ya shehia. Mtu wa Bumbwisudi akiona kantangaze kwenye tungule zake leo asubuhi, sisi wengine tunataka kujua leo jioni. Jike mmoja wa kantangaze anaweza kutaga mayai mpaka 260 maishani mwake, na kwenye joto letu kizazi kimoja kinakamilika kwa kiasi cha mwezi. Ikiwa picha ya jani lenye mirija imezama chini ya matangazo arubaini, na watu walishazima sauti ya kundi kwa kuchoka, tahadhari haikufika. Utakuja kujua wakati majani yameshakuwa kama yameunguzwa moto.

Hasara ya pili ni kwamba mkulima aliyeibiwa mara moja hamwamini tena hata anayemwambia kweli. Sisi maafisa ugani tunaliona hili. Unakwenda na ushauri wa bure, mtu anakuuliza, "Na wewe unauza nini?"

Vipimo vitatu kabla ya kutoa shilingi

Kipimo cha kwanza, gawanya kwa mche. Kijitabu kinasema utavuna tani 40 za tungule kwa eka. Eka moja ni mita za mraba 4,047 hivi. Ukipanda kwa nafasi ya mita moja kwa nusu mita, unapata miche kama 8,000. Kilo 40,000 ukigawa kwa 8,000 ni kilo 5 kila mche, bila ya mche hata mmoja kunyauka. Wewe msimu uliopita mche wako ulitoa kilo ngapi? Mingapi ilikufa kwa mnyauko? Usimwambie mwandishi ni muongo. Muulize hizo tani 40 zilivunwa wapi, kwa mbegu gani, shamba la wazi au kitalu nyumba.

Kipimo cha pili, uliza udongo na mvua. Kitabu kilichoandikwa kwa mkulima wa Njombe kwenye baridi kinaweza kuwa kizuri sana kwa Njombe. Sisi tuna kinongo, tuna kichanga, tuna kinamo cha mabondeni, na wenzetu wa Makunduchi wanalima kwenye maweni. Tuna masika ya Machi mpaka Mei na vuli ya Oktoba mpaka Disemba. Kama kitabu hakisemi kimejaribiwa wapi, kipande chake kijaribu kwenye matuta mawili tu, usijaribu kwenye konde zima.

Kipimo cha tatu, tafuta cha bure kwanza. Muulize bwana shamba au bibi shamba wako. Watafiti wetu wapo Kizimbani. Jarida la Mkulima Mbunifu linasomeka bila ya malipo. Ukikuta kijitabu cha sh 10,000 kimenakili mambo hayohayo, baki na fedha yako. Ukikuta kimeongeza kitu cha kweli, kinunue, na mwandishi apate haki yake.

Kwa wenye vijitabu: uzeni hivi

Wapo kati yenu wenye maarifa ambayo hayapo kwenye kitabu chochote, hasa wazee wa mikarafuu na wa majaluba ya mpunga. Andikeni! Zanzibar hatukuanza leo. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alikuwa mhariri wa gazeti la kilimo lililoitwa Mkulima kuanzia 1958 mpaka alipostaafu 1968. Huyohuyo ndiye aliyeandika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda mashindano ya uandishi ya 1957/58 na kuchapishwa 1960. Angalieni mpango wake: kazi ilipimwa kwanza na watu wengine, kitabu kikaja baadaye. Na nyinyi fanyeni hivyo. Mpeni mkulima mmoja na afisa mmoja wasome kabla, wakwambieni palipo na kasoro.

Kisha, mkitangaza, tangazeni mara moja, kwa ruhusa ya msimamizi, na semeni kweli. Kwa mfano:

"Assalaam aleikum. Nimeandika kijitabu cha kurasa 32 kuhusu tungule za vuli kwenye kichanga. Nimelima Kaskazini kwa misimu sita, na mavuno ya kila msimu nimeyaandika, mabaya na mazuri. Ukurasa wa mnyauko nauweka hapa bure. Anayekitaka chote ni sh 5,000, aniandikie pembeni."

Tazama tofauti yake. Kimesema ni cha nani, cha wapi, kimetoka kwenye kazi gani, na kimetoa kitu kwanza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wazee walishamaliza.

Kanuni tano za kundi

Wasimamizi, nakilini hizi muzirekebishe mtakavyo:

1. Matangazo ni siku moja kwa wiki, na kila mtu tangazo moja.
2. Anayeuliza ajibiwe kwanza. Jawabu lenye bei tu litafutwa.
3. Faida ya asilimia iliyoahidiwa bila ya mtu kufanya kazi haiwekwi kundini kabisa, hata aliyeileta akiwa ndugu.
4. Anayekosea mara ya kwanza aambiwe pembeni kwa adabu, hasa akiwa mtu mzima. Mara ya pili atolewe.
5. Namba za wanachama haziuzwi wala hazichukuliwi kwa matangazo. Ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kazi tangu Mei 1, 2023.

Kanuni ya nne musiifanye nyepesi. Papasi wengine ni majirani zetu waliodanganywa kabla yetu, wametia fedha zao na sasa wanatafuta wa kuwafidia. Ukimfedhehesha mbele ya watu atanuna na hatotaka kusikia. Mpigie simu, mfanyie ile hesabu ya milioni moja pole pole, huenda ukamuokoa na yeye.

Kazi ya wiki hii: chukua tangazo moja la kilimo lililoingia kwenye simu yako, lipitishe kwenye vile vipimo vitatu, kisha peleka hesabu yako kwenye kikao cha ushirika mukaijadili. Na kabla mvua hazijashika, kaguzeni vitalu vyenu vya tungule, geuzeni majani mutazame chini yake.

Kazi njema.