Boti Mpya Wesha: Ya Kujua Kabla ya Kutoka Mara ya Kwanza

Mkaazi wa Gombani, Pemba, ana bahari mbili. Akipita mjini Chake Chake na kushuka magharibi anafika Wesha, kwenye ghuba yenye mikoko pembezoni, Ras Mkumbuu ikiikinga upande wa kaskazini. Akielekea mashariki anafika Vitongoji, penye miamba na bahari kuu moja kwa moja. Kwa aliyenunua chombo chake cha kwanza, iwe faiba yenye mashine ya nyuma au mashua ya mbao aliyouziwa na mvuvi aliyechoka nayo, namshauri aanzie Wesha. Lakini Wesha nayo ina hila yake, na wengi huijua wakiwa tayari wako nje.

Pepo zetu kuu mbili zote hutoka upande wa mashariki. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi hutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Ukiwa magharibi ya Pemba, vilima na miti ya kisiwa vinakukinga. Maji ya karibu yametulia, upepo uko mgongoni, boti inakwenda mbio bila mashine kupata tabu, na mgeni anajiona keshakuwa nahodha. Akitoka nje ya kinga ya kisiwa ndipo mawimbi yanapoanza kusimama. Akigeuza omo kurudi, upepo uleule uliomsukuma sasa unampiga usoni, maji yanaruka ndani, na safari aliyokwenda kwa nusu saa inamchukua saa nzima au zaidi, mafuta nayo yakiisha kwa kasi hiyo hiyo.

Juu ya upepo kuna mkondo. Kati ya Pemba na bara la Tanga bahari ina kina cha mamia ya mita, na mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki hupita hapo ukielekea kaskazini mwaka mzima, ukishika kasi zaidi wakati wa kusi. Chombo kilichozimikiwa mashine nje ya kisiwa cha Misali hakirudishwi Wesha na maji. Kinachukuliwa kaskazini, kuelekea maji ya Kenya. Na wakati wa kaskazi, upepo unapokuja kinyume cha mkondo, mawimbi huwa mafupi na yaliyosimama wima, mabaya kwa chombo kidogo kuliko urefu wa mawimbi hayo unavyoonyesha kwa mbali.

Kwa hiyo safari ya kwanza ibaki ndani ya ghuba. Misali ipo, haihami. Siku ya kwanza si ya kuvua, si ya kutembeza jamaa, wala si ya kupeleka mzigo. Ni ya kukijua chombo: kinageuka vipi, kinasimama baada ya hatua ngapi, kinavuja wapi, na mashine inalia vipi ikiwa nzima ili siku ikilia vingine usikie.

Chagua siku

Ukiweza, subiri maleleji, kipindi kati ya pepo mbili, hasa Oktoba na Novemba au mwishoni mwa Machi, ila uangalie mawingu ya mvua, kwani mvua ya vuli na masika huja na upepo wa ghafla. Taarifa ya bahari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutaja upepo na urefu wa mawimbi. Isikilize usiku wa kuamkia safari na tena asubuhi. Kisha waulize wavuvi waliorudi alfajiri. Wao wametoka huko huko unakotaka kwenda.

Muhimu kuliko yote ni maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwetu hufika kiasi cha mita 4, na ghuba ya Chake Chake hubaki tope na mikoko mahali ambapo saa chache nyuma ulipita bila kugusa chini. Siku hizo maji hujaa alfajiri na tena alasiri, yakapwa katikati ya asubuhi, yaani wakati ule ule ambao mgeni anapenda kutoka. Subiri maji mafu, karibu na mwezi 8 hadi 10 au 22 hadi 24 kwa hesabu ya mwandamo. Hapo tofauti ni ndogo, maji hayavuti sana milangoni, na hujaa mnamo saa 4 asubuhi. Ukiteremka saa 2 unakuwa na maji yanayopanda. Hata ukikwama kwenye fungu, yanakuinua yenyewe baada ya muda mfupi. Aliyekwama maji yakipwa hukaa hapo saa nyingi, jua kichwani, na chombo kimelalia ubavu.

Kumbuka pia kwamba maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku. Ratiba ya Jumamosi si ya Jumatano.

Kabla ya kushusha

Mashua ya mbao iliyokaa nchi kavu muda mrefu itavuja ikiingia majini, hata kama aliyekuuzia ameapa. Mbao zimekauka, nafasi zimefunguka. Mwite fundi aipige kalafati kwa pamba, chini ipakwe deheni, kisha iteremshe na uifunge kwenye kina kifupi usiku mmoja mbao zifure. Asubuhi fua maji yote, ngoja kidogo, halafu tazama yanaingia kwa kasi gani. Yakipungua ni mbao zinashika. Yakiendelea vilevile, irudishe juu. Hiyo ni kazi ya fundi, usiende nayo popote.

Faiba haina habari ya kufura, lakini ina kizibo cha kutolea maji huko tezi, na hicho husahauliwa kila mwaka na mtu mpya. Kikaze kabla boti haijagusa maji. Gonga sakafu na ubavu kwa kifundo cha kidole. Panapolia tofauti na kwingine huenda pana ufa uliojazwa na kupakwa rangi. Tazama ubao wa tezi unaobeba mashine, kwa sababu ukioza mashine inaondoka nao. Kaza skrubu za kushikia mashine, kisha ifunge kamba ya ziada kwenye boti.

Mashine nyingi ndogo za kwetu ni za kuchanganya mafuta. Kipimo cha kawaida kwa nyingi ni petroli sehemu 50 kwa oili sehemu 1, yaani lita 20 za petroli na mililita 400 za oili. Mashine mpya kabisa, kwa saa zake za mwanzo, mara nyingi hutakiwa oili maradufu, na isibanwe mwendo mkubwa. Soma kijitabu chake, kwa kuwa aina hutofautiana, na usikubali kukisia kwa macho kwenye dumu. Chuja petroli kwa chujio linalotenga maji, maana tone la maji kwenye tangi linatosha kukuzimia katikati ya ghuba. Legeza kizibo cha hewa juu ya tangi. Kikibanwa, mashine hufa baada ya dakika chache na mtu akadhani imeharibika.

Ikiwaka, tazama kijimrija cha maji ya kupozea. Yatoke kwa nguvu muda wote. Yakipungua au kukata, zima mara moja. Mara nyingi ni mfuko wa plastiki au mwani umeziba chini. Nusu dakika ya ukaidi inaweza kuunguza mashine ya mamilioni. Na ile kamba nyekundu ya kuzimia ivae mkononi tangu unapokamata usukani. Ukianguka, boti inasimama. Bila hiyo itazunguka na kukurudia, propela ikiwa mbele yako.

Nanga kwanza

Wenye chombo kipya hununua mashine nzuri na nanga ya kubahatisha. Mimi ningeanza na nanga. Mashine ikizima ndani ya ghuba, kitendo cha kwanza ni kutia nanga. Plagi utaitazama baadaye. Sababu ni ya pale pale: ndani ya ghuba kina kinafikika, lakini upepo wa mashariki unakusukuma nje, na ukishavuka ukingo wa miamba chini kunaporomoka hadi kina ambacho kamba yako haifiki. Dakika unazotumia kuvuta kamba ya kuwashia kwa hasira ndizo dakika ulizokuwa nazo za kutia nanga.

Kamba iwe ndefu, mara 5 ya kina au zaidi upepo ukiwepo, na vipande vya mnyororo karibu na nanga vinasaidia ilale chini na kung'ata. Tia kwa omo, kamwe usitie kwa tezi, kwa kuwa wimbi litapanda juu ya mashine na kuijaza boti. Kabla hujairusha, hakikisha ncha ya pili ya kamba imefungwa kwenye boti na mguu wako hauko ndani ya kunjo. Iteremshe kwa mkono mpaka iguse, toa kamba taratibu huku boti ikirudi nyuma, kisha funga. Chukua alama mbili nchi kavu, mnazi na paa la nyumba kwa mfano, uone kama zinaachana. Zikiachana, unaburura. Fanya zoezi hili siku ya kwanza ukiwa salama karibu na pwani, urudie mpaka mikono ikazoea.

Pamoja na nanga, chukua makasia mawili au pondo, ndoo na kopo la kufulia maji, plagi mpya na spana yake, kamba ya akiba, maji ya kunywa, tochi, kioo kidogo cha kuakisi jua, na simu iliyojazwa chaji ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mwenye redio ya bahari aijue chaneli 16, ndiyo ya dharura. Namba za kituo cha Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo (KMKM) kilicho karibu na za mkuu wa diko ziandikwe kwenye simu kabla, si kutafutwa boti ikijaa. Mafuta yagawe mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la tatu haliguswi.

Nani apande

Watu watatu wanatosha: wewe, mtu mzima wa bahari anayeijua njia ya Wesha, na mmoja wa kusaidia. Yule mzee mkalishe karibu na usukani, msikilize, na umlipe siku yake kama unavyomlipa fundi. Watoto wangoje safari nyingine. Kila mmoja avae jaketi la kuokolea, likiwa limefungwa mwilini. Lililowekwa chini ya kiti halimsaidii mtu boti ikipinduka. Na ikipinduka, shikilieni chombo. Kinaonekana kwa mbali, kichwa cha mtu hakionekani.

Kuhusu uzito Pemba hatuhitaji kufundishwa na kitabu. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kuja kwetu, imepakia kupita uwezo wake, na karibu kila shehia ilizika au ilikosa wa kuzika. Januari 2022 boti ndogo iliyokuwa ikipeleka watu msibani Kisiwa Panza nayo ilizama na kuua. Akina mama wa mwani mliopata boti kwa mipango ya Uchumi wa Buluu, pimeni gunia la mwani mbichi kwa uzito wake wa maji, si kwa lile mnalouza likiwa kavu. Ubavu wa boti ukikaribia maji pwani palipotulia, nje hautabaki.

Kuna karatasi pia. Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar ndiyo inayosajili na kukagua vyombo, na wa kuvua anahitaji leseni ya uvuvi. Boti ikiwa ya mkono wa pili, mwende pamoja na muuzaji jina libadilishwe, msiachie maneno ya barazani. Kwa Misali, ambayo ni hifadhi, ulizeni kwanza sehemu zisizovuliwa.

Njiani

Asubuhi ukielekea magharibi jua liko nyuma yako na rangi za maji zinasomeka: kahawia na manjano ni miamba na mchanga wa juu, kijani ni kina cha wastani, buluu iliyokolea ni maji makubwa. Ukigeuka kurudi jua litakuwa machoni na maji yote yatametameta. Ndiyo maana alama za kurudia zinashikwa wakati wa kutoka. Kila baada ya muda mfupi geuza shingo utazame ulikotoka, uone mlango wa Wesha unavyofanana ukiwa baharini. Usipoweza kusoma rangi, punguza mwendo mpaka mtu wa omo aweze kuona chini na kukuambia.

Mwambie mtu wa nyumbani unakwenda wapi na utarudi saa ngapi, na umpe ruhusa ya kupiga simu saa moja baada ya hapo bila kuona haya.

Ukifika, suuza mashine kwa maji baridi ya bomba au ya kisima kwa dakika kama kumi, chumvi isikaukie ndani. Inyanyue, tazama kama uzi wa nyavu haujajisokota kwenye mhimili wa propela. Fua ngama yote, kisha kabla ya magharibi rudi diko utazame tena. Maji yakiwa yameingia wakati hakuna aliyekuwa ndani, tafuta yanapopitia kabla hujapanga safari ya pili.