Mgeni Anayekubali Kupokea

JUMATANO

Soma Luka 10:5–9. Yesu aliwaagiza wale sabini wafanye nini katika nyumba na mji watakaoingia, na kwa utaratibu gani?

______________________________________

Angalia utaratibu huo. Kwanza ni salamu ya amani. Kisha kukaa katika nyumba ile ile bila kuhamahama, na kula kile wanachoandaliwa. Kisha kuponya wagonjwa, na ndipo kutangaza kwamba ufalme wa Mungu umekaribia. Aliyetumwa huingia kwanza kama mgeni, mtu anayehitaji maji, chakula na mahali pa kulala.

Mwaka 1903 wamisionari wetu wa kwanza katika nchi hii, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walitoka Ujerumani wakapanda milima ya Pare Kusini na kuanzisha kituo pale Giti. Nchi ilikuwa chini ya utawala wa Wajerumani, na bila shaka haikuwa rahisi kwa mwenyeji kumtofautisha mjumbe wa Injili na mtu wa serikali. Ernst Kotz, aliyewafuata, alijifunza Chasu, na mwaka 1909 kitabu chake cha sarufi ya lugha hiyo kikachapishwa. Kabla ya kuwafundisha Wapare, ilimpasa kuwa mwanafunzi wao.

Mimi ni mjukuu wa wenyeji hao. Hata hivyo, nilipohamia Mzenga, kwa Wazaramo, nililisahau somo hilo. Katika wiki ya nne nilitangaza semina ya afya, Ijumaa saa saba mchana. Nilipanga viti 40. Walikuja watu watatu, wote washiriki wetu. Mzee jirani yangu alipita akitoka msikitini, akavitazama viti, akasema kwa upole: “Mwalimu, ungeniuliza. Saa saba ya Ijumaa sisi tunakuwa wapi?” Sikuwa na la kujibu. Tangu nifike nilikuwa sijabisha hodi kwake hata mara moja.

Jioni ile mkewe alituletea bakuli la mihogo ya nazi. Tulikula kwa aibu. Kesho yake jioni, baada ya Sabato, mke wangu alitia ndizi katika lile bakuli, tukaenda kulirudisha, na tukakaa nao hadi saa tatu usiku. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jumapili asubuhi nikalishika jembe shambani kwa mzee. Tuligundua kwamba wao na sisi hatuli nguruwe wala hatunywi pombe, hivyo sahani huvuka uwanja bila mtu kuwa na wasiwasi. Siku na saa ya semina iliyofuata alitupangia yeye.

Ni miaka sita sasa. Mzee bado anaswali msikitini. Usiku mtoto wetu alipopandwa na homa kali, yeye ndiye aliyetoka gizani kututafutia bodaboda. Katika ripoti yangu ya robo hakuna mahali pa kuandika jambo kama hilo. Je, kazi imepotea?

Soma 1 Wathesalonike 2:8. Mbali na Injili, Paulo na wenzake waliwapa Wathesalonike kitu gani?

______________________________________

Tunatamani jirani yetu amjue Yesu, nasi tunamwombea kila siku. Lakini urafiki unaokoma pale tunapoona kwamba jirani hatabatizwa ulikuwa chambo tangu mwanzo. Bwana wetu hakutupenda kwa namna hiyo (Warumi 5:8).

Maswali ya Kujadili

1. Soma Yohana 4:7. Yesu alianza kwa kumwomba mwanamke Msamaria maji. Kwa nini kupokea kutoka kwa wale tunaowahudumia huwa kugumu kuliko kutoa?

2. Je, kanisa lenu hupanga mikutano kwa kuangalia kalenda yenu tu? Ni nani kati ya majirani mngeweza kumwuliza kwanza?

3. Fikiria nyumba moja ya jirani wa kabila au imani nyingine ambayo hujawahi kuingia. Ni nini kinachokuzuia kubisha hodi wiki hii?