Ukifutwa Kazi kwa Uvumi wa Ushoga

Tuseme unahudumu kwenye loji pale Malaba, upande wa Kenya wa mpaka na Uganda, karibu na foleni ya matrela. Bosi anakuita kando ya kaunta: "Nimesikia mambo yako. Wateja wanalalamika. Kesho usirudi." Barua hakuna, kikao hakuna, na siku ulizofanya mwezi huu hazijalipwa. Wengi hushikwa na aibu, wakabeba begi na kupotea. Bosi anategemea hilo.

Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamkataza mwajiri kubagua mtu kwa dini, ulemavu, ujauzito, hali ya HIV na mengineyo. Mapenzi ya jinsia moja hayakutajwa. Jinsia imetajwa. Na tarehe 24 Februari 2023, katika kesi ya Eric Gitari aliyekataliwa kusajili shirika lake, majaji watatu kati ya watano wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba jinsia katika Ibara ya 27 ya Katiba inabeba pia mwelekeo wa kimapenzi. Kesi ilihusu shirika, si ajira, lakini uamuzi wa Mahakama ya Juu unazifunga mahakama zote za chini. Kwa hiyo hoja ya ubaguzi unayo. Ila mimi nisingeitanguliza.

Hoja ya kazi ni rahisi zaidi kushinda, wala haikulazimishi kusimama kortini Busia ueleze unampenda nani. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinasema kabla ya kukufuta kwa utovu wa nidhamu, mwajiri akueleze kosa kwa lugha unayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua mwenyewe, kisha akusikilize. Kifungu cha 43 kinamtaka yeye athibitishe sababu. Wateja gani walilalamika, lini, kuhusu nini? Akishindwa, korti inaweza kukupa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

"Lakini mimi ni kibarua tu." Mpakani utalisikia hilo kila kona. Ukishafanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake inafika mwezi, sheria inakuhesabu mwajiriwa wa mwezi, na notisi ni haki yako. Mkataba wa maandishi nao ni jukumu la mwajiri kuuandaa, kwa hiyo asikutishe kwamba huna. Meseji za M-Pesa usizifute: zile zinazoonyesha umepokea pesa kutoka kwa bosi, wiki baada ya wiki, ni ushahidi mzuri kuliko maneno. Siku hiyohiyo andika alichosema na waliokuwepo.

Je, akitangaza mambo yako kwenye grupu la WhatsApp la wafanyakazi? Hapa sheria, kwa mshangao wa wengi, haizunguki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inautaja waziwazi mwelekeo wa kimapenzi kati ya taarifa nyeti za mtu. Piga skrinshoti, ulalamike kwa Kamishna wa Data, ambaye anatakiwa kumaliza uchunguzi ndani ya siku 90.

Wengine hutishwa na polisi. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kingalipo. Mahakama Kuu ilikataa kukiondoa Mei 2019. Kinaadhibu tendo la ngono, kifungo hadi miaka 14. Hakiadhibu mwendo wa mtu, nguo zake wala uvumi wa kaunta. Hata hivyo, usiandike lolote la chumbani kwenye malalamiko yako. Andika ya kazi: tarehe, mshahara, namna ulivyofutwa.

Na uwe macho na daraja la mpakani. Upande wa Uganda, sheria ya 2023 dhidi ya ushoga ina kifungo cha maisha, na Mahakama ya Katiba ya huko iliiacha sehemu kubwa isimame Aprili 2024. Ukipewa kazi kwenye yadi iliyo ng'ambo, haki ninazozieleza hapa hazivuki nawe.

Nenda ofisi ya leba mapema: malalamiko ya kufutwa yanapelekwa ndani ya miezi mitatu. Kortini una miaka mitatu, na kama mshahara wako hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi, hakimu aliyepewa mamlaka ya kesi za ajira anaweza kuisikiliza. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ina ofisi Kisumu, na shirika lilelile la Gitari, NGLHRC, husaidia watu kisheria.