Majina ya Safu Yanapokatwa

Jedwali pana la takwimu huweza kuharibika likihamishwa, ingawa tarakimu zake zote zi salama. Chukulia jedwali la Manispaa ya Iringa lenye safu kwa kila kata na kila sensa: kihesa_kaya_2012, kihesa_kaya_2022. Muundo wa dBASE, utumikao katika faili za ramani za shapefile, hukubali jina la herufi 10 tu. Safu zote mbili hubaki kihesa_kay. Baadhi ya programu huipachika ya pili alama _1, lakini mwaka umekwisha kupotea. Mpangaji wa madarasa aweza kusoma kaya za 2012 akidhani ni za 2022. Yafaa mwaka utangulie: k12_kihesa, k22_kihesa, herufi 10 kamili. Bora zaidi, kila kata ipewe mstari wake kwa kila sensa, na mwaka uwe safu.