Kutoka Ushahidi hadi Kiitikio: Fanani na Hadhira katika Uchanganyaji wa Sauti kwenye Intaneti

1.0 Utangulizi

Wataalamu wengi wa fasihi simulizi hushikilia kwamba utungo simulizi hautenganishwi na utendaji wake. Finnegan (1970) alisisitiza nafasi ya fanani, hadhira na tukio katika kuukamilisha utungo. Je, msimamo huo unasimama pale kipande cha sauti kinapokatwa kutoka katika tukio lake, kikachanganywa na muziki na kuenezwa kwenye intaneti? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kuchunguza mfano mmoja wa Marekani, yaani "Bed Intruder Song" wa mwaka 2010.

2.0 Usuli

Julai 2010, mtu asiyejulikana alipenya dirishani katika nyumba moja mjini Huntsville, Alabama, akajaribu kumbaka mwanamke aliyekuwamo. Antoine Dodson, ndugu wa kiume wa mwanamke huyo, alimwokoa, kisha akahojiwa na kituo cha televisheni cha WAFF. Baada ya siku chache kundi la Gregory Brothers la New York liliyageuza mahojiano hayo kuwa wimbo. Agosti ya mwaka huohuo wimbo uliingia chati ya Billboard Hot 100 katika nafasi ya 89.

3.0 Mageuzi ya Kifani

Mageuzi yalipitia hatua nne. Kwanza, usemi ulikatwa vipande. Pili, vipande vilipangwa upya kwa takriri, hata onyo la Dodson kwa majirani likawa kiitikio. Tatu, kiimbo kilirekebishwa kwa Auto-Tune, programu iliyotolewa mwaka 1997, ambayo hupima kimo cha sauti na kukisogeza kwenye noti iliyo karibu. Nne, ala ziliongezwa.

Ieleweke kwamba wachanganyaji hawakuumba usanii mahali pasipokuwa nao. Usemi wa Dodson ulikuwa tayari na usambamba na mdundo. Ndiyo maana ulikubali kuimbwa.

4.0 Hadhira na Fanani

Badiliko kubwa zaidi ni la hadhira. Dodson alisema na pande mbili: majirani, aliowataka wawalinde watu wao, na mhalifu, aliyemwambia kwamba atapatikana. Katika wimbo pande zote mbili zimetoweka. Nafasi yao imechukuliwa na msikilizaji asiye na la kuogopa, na onyo limekuwa burudani.

Fanani, kwa upande wake, hakupotea. Gregory Brothers walimtambua Dodson kuwa mtunzi mwenza, wakagawana naye mapato, naye akaweza kuihamishia familia yake kwenye makazi mengine.

5.0 Hitimisho

Mfano huu haupingi msimamo wa Finnegan, bali unauthibitisha: hadhira na tukio vilipobadilika, ulizaliwa utungo mwingine, ijapokuwa sauti ni ileile. Kumtaja na kumlipa fanani ni haki, lakini hakurudishi maana ya usemi wake wa awali. Kwa hiyo mtafiti anapaswa kuhifadhi mahojiano pamoja na wimbo. Akihifadhi wimbo pekee, atakuwa ameacha nje shambulio lililomfanya Dodson apaze sauti.