IRABU HUMTAMBULISHA MSEMAJI



Katika kisomo tulijifunza irabu tano: a, e, i, o, u. Irabu ni ndogo lakini ina kazi kubwa. Mwambie mtu "tia maji mtungini", ataujaza. Mwambie "toa maji mtungini", ataumwaga. Tumebadili irabu moja tu!

Leo tutaona jinsi irabu zinavyoonyesha pia msemaji ametoka nchi gani. Mfano wetu ni Kiingereza cha New Zealand, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, kusini-mashariki ya Australia.

Irabu hutokaje?

Weka kiganja chini ya kidevu. Sema polepole: i, e, a. Umeona? Kidevu kinashuka. Kwenye i ulimi uko juu, kwenye e unashuka kidogo, kwenye a uko chini kabisa. Kiswahili kina vituo vitano tu. Kiingereza nacho kina herufi hizo hizo tano, lakini sauti zake za irabu ni kama 20. Basi vituo vyake vimekaribiana sana.

Irabu zilizosukumana

Watu wakibanana kwenye benchi, mmoja akisogea, jirani yake naye husogea. Ndivyo ilivyokuwa New Zealand. Irabu ya "bad", maana yake mbaya, ilipanda ikakaribia ya "bed", maana yake kitanda. Irabu ya "bed" nayo ikapanda kuelekea i. Kwa hiyo mgeni akiombwa "pen", yaani kalamu, hudhani anaombwa "pin", yaani pini. Na irabu ya "pin" je? Hiyo ilisogea katikati ya mdomo.

Jirani zao Waaustralia hutamka i kali. Huwatania watu wa New Zealand kwamba samaki wanamwita "fash". Wao nao hujibu, eti Waaustralia husema "fiish". Lakini kote huandikwa "fish".

Je, ni makosa?

Mnamo miaka ya 1900, wakaguzi wa shule huko New Zealand walilalamika kwamba watoto wanaharibu irabu. Lakini wazazi na mababu wa watoto wengi walihamia kutoka Uingereza, Uskoti, Ayalandi na Australia. Watoto walicheza pamoja, wakasoma pamoja, wakapata matamshi yao wenyewe.

Kati ya 1946 na 1948 gari la redio ya taifa lilizunguka huko likirekodi sauti za wazee. Baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Canterbury walizisikiliza. Waligundua kwamba irabu zilikuwa zimekwisha anza kusogea kwa watu waliozaliwa karne ya 19. Kumbe siyo uvivu wa ulimi. Ni lugha inayokua kwa utaratibu wake.

Basi, tusimcheke mtu kwa lafudhi yake. Tusipomwelewa, tumwombe arudie, au aandike. Matamshi yanaweza kutofautiana, lakini neno likiandikwa, sote tunalisoma.

Maswali ya kujadili

1. Badili irabu moja katika neno "pita". Umepata maneno gani?
2. Kijijini kwenu, mgeni hutambuliwaje kwa matamshi yake?
3. Mtoto akichekwa kwa lafudhi yake, atapata hasara gani darasani?