Kijiko Kinapogoma Mchana

Asubuhi kijiko, mashine ya kuchimbia, kinageuka na udongo wake bila shida. Ikifika saa nane, kazi na jua la utosi vimeshapasha oili, kinasita, kisha kinagoma katikati ya mzunguko. Fundi mwenye haraka atachukua spana akaze vali ya usalama ili presha ipande. Mzuie.

Oili ya moto ni nyepesi. Ndani ya mota inayogeuza kijiko, kati ya pistoni na matundu yake, kuna upenyo mwembamba kuliko unywele. Ukishatanuka kwa kusagika, oili iliyotakiwa kuzungusha mota hupita humo na kurudi tangini bure. Kukaza vali hakuuzibi upenyo huo. Kunaongeza joto na kuipa mipira ya oili mzigo isiyoumudu.

Pima kwanza. Mota ina bomba dogo linalorudisha tangini oili iliyovuja ndani. Oili ikiwa ya moto, lichomoe upande wa tangi, ziba tundu la tangi, elekeza bomba kwenye ndoo safi. Mota ikiwa mzigoni, hesabu dakika moja, kisha linganisha lita ulizopata na kitabu cha mashine. Usizibe bomba upande wa mota hata kwa mzaha: presha itapanda na kung'oa sili ya shafti. Nawajua watu waliobadilisha sili hiyo mara tatu, kumbe bomba lilikuwa limebanwa tu.

Kijiko kikigoma upande mmoja tu, kwenye mota nyingi za kugeuza kuna vali mbili za usalama zinazofanana, moja kwa kila upande. Zibadilishane nafasi. Ugonjwa ukihama, mbovu ni vali, na mara nyingi ni chembe ya uchafu iliyokaa inapofungia. Ila kabla ya kufungua chochote shusha mkono wa mashine uguse ardhi, zima injini, chezesha levi zote, toa pumzi ya tangi.

Chembe hiyo pengine uliimimina mwenyewe, kwa galoni lililokatwa na funeli yenye vumbi.

Uvujaji wa nje tafuta kwa kipande cha boksi, si kwa kiganja. Oili yenye presha hutoboa ngozi. Alama ni kama ya sindano na huenda isiume; nenda hospitali saa hiyohiyo, useme ni oili ya presha.

Na ukifunga mota mpya, ijaze oili kwanza kabla ya kuwasha.